Mtunzi Hajulikani

Kwa miaka kumi na mmoja sikugundua kwamba mke wangu alikuwa akifungua redio ya dukani kwake dakika moja baada ya saa tatu, wala si saa tatu kamili. Nilijua kwamba hunisikiliza. Wateja wa lile duka la dawa waliniambia. Nilijua hata mizaha yangu inayomchekesha akiwa ameinamia droo za vidonge. Lakini dakika ya kwanza, ambamo kipindi changu kilifunguliwa kwa wimbo mfupi wa sekunde arobaini, hakuwa akiisikiliza. Nami niliyejisifu kwamba sikio langu hutambua gitaa lililolegea uzi mmoja tu, kimya hicho sikukisikia. Niliambiwa na dada yake, langoni pake, wakati sikuwa tena na haki ya kuambiwa lolote.

Mambo yaliharibika Jumatatu, hewani, mbele ya kipaza sauti. Upande wa pili wa meza alikaa binti mwenye gitaa ambaye wimbo wake ulikuwa umetawala mwezi mzima. Nyuma ya kioo alikuwepo fundi mitambo wangu, mtu ninayefanya naye kazi tangu tulipokuwa na nywele nyeusi sote wawili. Binti alijua swali litakalokuja, kwa sababu nilikuwa nimeliuliza mara nyingi mpaka likawa jina langu. Vinyozi wa mtaani kwetu huniita Mtunzi Nani. Kwangu hakuna wimbo uliopigwa bila kutajwa aliyeutunga, na ni mimi niliyehangaika miaka na miaka mbele ya kamati na mawaziri mpaka kila kituo kikalazimika kuandika orodha ya nyimbo kinazopiga, kwa saa na dakika, na jina la mtunzi likiwa pembeni. Jumamosi ya wiki ile wanamuziki walikuwa wanichague kuwa mwenyekiti wa chama chao. Sikuwa na mpinzani.

"Haya, binti yangu," nikasema. "Wimbo umetushika wote. Mtunzi nani?"

"Maneno ni yangu, mzee. Mahadhi si yangu. Nimeyatoa kwenye kipindi chako."

"Kipindi changu?"

"Kile kiashirio chako. Yule mwanamke anayeimba pale mwanzo. Nimekua na sauti ile, siku za likizo nilikuwa nafagia nayo nyumba." Akacheka kidogo, kisha akanyooka kitini kama mwanafunzi anayejibu mtihani. "Nilifanya kama unavyotufundisha. Kabla hujagusa kazi ya mtu, nenda kwenye orodha ukamtafute. Nikaja hapa, nikaomba orodha zenu, nikasoma miaka yote kumi na mmoja. Kila siku mmeandika vilevile: mtunzi hajulikani, mwimbaji hajulikani. Nikasema, basi, huu ni wa watu wote."

Fundi mitambo aliinua kichwa na kunitazama kupitia kioo. Yeye ndiye aliyeirekodi sauti ile.

Redioni, sekunde nne za kimya ni nyingi kuliko saa nzima ya msibani. Zikapita zote nne.

"Umefanya kazi ya kitaalamu kabisa," nikasema. "Hongera."

Kisha nikamuuliza kuhusu maonyesho yake, na kuhusu mwalimu aliyemfundisha gitaa, na nikafanya mzaha juu ya viatu vyake. Simu yangu ikawaka juu ya meza. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa mke wangu:

"Mpe huyo binti pongezi zangu. Yeye angalau alitafuta."

Aliyeandika orodha zile ni mimi. Mwaka wa kwanza mimi na mke wangu tulikuwa bado wachumba, nami nilikuwa nimepewa kipindi kwa mara ya kwanza, bila wimbo wa kukifungulia. Yeye alikuwa msaidizi dukani, na aliimba kama watu wengine wanavyopumua. Fundi mitambo alitundika mablanketi kwenye kuta za stoo ya karatasi, mchumba wangu akasimama katikati ya maboksi, amevua viatu ili visilie sakafuni. Wimbo alikuwa ameutunga jana yake akipiga pasi koti lake la kazi:

*Nifungulie, jua limeshika kitasa;*
*kama umeamka, niitikie,*
*kama bado umelala, nitangoja.*

Aliimba mara moja. Fundi akavua vipokea sauti, akasema hakuna haja ya kurudia, kisha akaniuliza kama nimekwisha kumposa, maana kama bado, yeye angekwenda jioni ile ile.

Kituo chetu kiliandika orodha hata kabla ya sheria, na kanuni yake ilikataza mtangazaji kupiga kazi ya ndugu au mchumba wake. Kwa hiyo, kwenye safu ya mtunzi, niliandika "hajulikani". Nilimwambia ni kwa wiki moja tu. Akaridhika. Baada ya ndoa akaniuliza, nami nikamwomba asubiri kanuni ibadilike. Kanuni ilibadilika mwaka wa tatu. Nikamwomba asubiri sheria ipite, kwa sababu wapinzani wangu wangesema napigania chungu cha jikoni kwangu. Sheria ilipita mwaka wa saba. Nikamwomba asubiri uchaguzi. Katikati ya hapo bendi moja kubwa ilimwita akarekodi nao, naye akaja kuniuliza ushauri. Sikumkataza. Mtu aliyesoma hamkatazi mkewe, humpa sababu. Nilimpa sababu tano, zilizopangika vizuri, naye akaosha vyombo huku akizisikiliza zote.

Lipo jambo ambalo sikuwahi kujiambia hata nikiwa peke yangu. Katika barua za wasikilizaji, waliouliza sauti ile ni ya nani walikuwa wengi kuliko waliouliza habari zangu. Barua hizo nilizisoma. Sikumpelekea hata moja.

Jumatatu ile nilifika nyumbani saa kumi alasiri. Nilimkuta chumbani anakunja nguo na kuzipanga kwenye begi la mkononi, taratibu, kama mtu anayepanga rafu za dukani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa dada."

"Ni kwa ajili ya yule binti?"

"Yule binti hana kosa. Tena amenifurahisha." Akalainisha kola ya blauzi kwa kiganja. "Kosa lilianza yeye angali mtoto."

Nikamwambia kwamba nilipigwa na bumbuwazi, kwamba hewani mtu hana nafasi ya kufikiri, na kwamba nilikuwa nimepanga kulisema jambo lile baada ya Jumamosi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hajawahi kunikatiza kauli katika maisha yetu yote, na siku ile nilitamani sana anikatize.

"Uliduwaa sekunde nne," akasema. "Nilihesabu. Hizo nakusamehe, mwenzangu, hata mimi ningeduwaa. Lakini baada ya hizo nne ulizungumza dakika ishirini, na sauti yako haikutetemeka hata mara moja. Hapo ndipo nilipokuogopa."

"Ningesema nini?"

"Ungesema, 'namjua'. Neno moja."

Akafunga zipu ya begi, kisha akakaa kitandani, akaweka mikono mapajani.

"Yuko bibi mmoja huja kuchukua dawa za presha kila mwisho wa mwezi. Kila akija ananiambia, 'Mwanangu, mumeo si yuko redioni? Hebu muulize, yule anayeimba pale mwanzo ni nani.' Namjibu, hajulikani, bibi. Nimemjibu hivyo miaka sita. Mwezi uliopita akaniambia, 'Labda alishakufa, maskini.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamfungia dawa zake. Nikamwambia, labda."

Nilimwambia nitawatuma wazee. Akasema wazee nisimtumie, kwa sababu watakuja kumsihi avumilie, na kazi hiyo ameifanya bila kusihiwa. Akanyanyua begi. Nilitaka kumpokea, kwa mazoea ya mume. Akalihamishia mkono wa pili.

Siku mbili sikupata usingizi wa maana, na katika kukosa usingizi nikabuni mpango. Leo naandika haya nikiwa na haya usoni, maana mpango wenyewe niliuona mzuri. Jumatano mchana niliupeleka kwa shemeji yangu, dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye ulimi unaonyoa bila maji. Alinifungulia nusu ya lango.

"Karibu, Mtunzi Nani. Leo unatafuta mtunzi au unatafuta mpishi?"

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Sema."

Nikasema. Nilimweleza kwamba Ijumaa ningetangaza hewani kuwa mtunzi wa wimbo ule, baada ya miaka kumi na mmoja, amepatikana. Jumamosi, ukumbini, mbele ya wanamuziki wote, taa zingepunguzwa, bendi ingepiga mahadhi yale, naye angeingia kwa mlango wa kati. Mimi, mwenyekiti mpya, ningemkabidhi tuzo ya kwanza ya chama. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na mpambaji wa maua. Nilizungumza vizuri, ndiyo kazi yangu. Sikujua kwamba mke wangu amesimama nyuma ya nusu ya lango iliyofungwa.

"Amepatikana?" akasema. Akajitokeza, mikono imejaa povu la sabuni ya kufulia. "Nilipotea wapi?"

Nikashindwa kumtazama.

"Unataka kunizindua kama daraja," akaendelea, bila kupaza sauti. "Wewe ukate utepe, wewe upigiwe makofi. Mimi niwe daraja."

"Nilitaka kukuheshimu."

"Mtangazaji, heshima unaijua. Nimekusikia ukiwapa watu wengine kila siku, asubuhi, bure. Huwaletei maua. Unawataja tu."

Hakuwa na kawaida ya kuniita mtangazaji. Alirudi kwenye beseni lake. Shemeji alibaki ameshika lango, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na kejeli usoni.

"Unajua kwa nini hafungui redio saa tatu kamili?" akaniuliza.

"Hafungui?"

"Anangoja wimbo wake uishe. Anasema ni kama kusikiliza watu wakikusengenya kwa wema." Akanieleza polepole, kama mwalimu anayemweleza mwanafunzi hesabu iliyokaa ubaoni muhula mzima. "Nenda nyumbani, shemeji. Ukitaka kurudi, rudi bila maua."

Alhamisi niliingia studio bila karatasi. Fundi mitambo aliuliza kwa ishara kama aachie kiashirio. Nikatikisa kichwa. Saa tatu kamili nikafungua kipaza sauti, na haya ndiyo niliyosema, wala sikuongeza:

"Wimbo uliokuwa ukifungua kipindi hiki haukutungwa na mtu asiyejulikana. Mtunzi wake nilimjua tangu siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyeandika kwamba hajulikani. Ni mke wangu." Nikalitaja jina lake, lake na la baba yake, kwa mwendo uleule ninaotajia majina ya wengine. "Aliniomba nimtaje. Nilimwambia asubiri, nikaendelea kumwambia hivyo miaka kumi na mmoja, nikiwa nazunguka nchi nzima nikiwafundisha watu wengine kutaja watunzi. Binti aliyekuja hapa Jumatatu hakuiba. Alisoma nilichoandika, akaniamini. Uenyekiti wa chama siutaki tena. Sasa ni taarifa ya habari."

Sauti yangu ilitetemeka. Fundi mitambo aliachia taarifa ya habari sekunde mbili kabla ya wakati, na huo ndio ukarimu mkubwa niliopata siku ile. Ujumbe wa wasikilizaji ulimiminika. Mmoja aliandika, "Tulisikia mganga hajigangi, lakini huyu kamtia mkewe ugonjwa mwenyewe." Mkuu wa kituo alinisimamisha kazi wiki mbili. Katibu wa chama alinipigia akaniomba nifafanue kauli yangu. Nikamwambia kwamba ufafanuzi ndio ulionifikisha pale.

Mtu mgumu kuliko wote kumpigia alikuwa yule binti.

"Kwa hiyo mimi ni mwizi, mzee?"

"Hapana. Nilikupa kitu kisicho changu, nawe ukapokea kwa sababu uliniheshimu."

"Na wimbo wangu?"

"Hilo si langu kuamua. Twende ukamwone mwenyewe."

Ijumaa mchana tulikwenda dukani. Mke wangu alikuwa anamhesabia mteja vidonge. Akamaliza kuhesabu, akaandika maelekezo juu ya bahasha, akaaga. Kisha akanionyesha kiti cha wagonjwa kilichoko karibu na mizani.

"Wewe kaa hapo."

Akamchukua binti chumba cha nyuma, kwenye maboksi ya dawa. Mlango ulibaki wazi kidogo. Nilisikia magoti yakigusa sakafu, na mke wangu akisema, "Simama, mwanangu, hapa pamemwagika dawa ya kikohozi, utanata." Binti akalia na kucheka kwa pamoja.

"Mama, nitautoa. Nitawaambia wote wasiupige."

"Sitaki uutoe. Nimekusikia. Una sauti nzuri. Ila unamalizia juu, kama mtu aliyeachwa mlangoni."

"Ndivyo unavyoishia, mama."

"Ndivyo alivyoukata. Alitaka sekunde arobaini. Wimbo una ubeti wa pili."

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kwamba siku ile, kwenye stoo ya karatasi, aliendelea kuimba, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia fundi wapi pa kukata. Binti akagusa nyuzi za gitaa kutafuta ufunguo wa wimbo, na mke wangu akaimba:

*Usipofungua, sitavunja mlango;*
*nitaketi kibarazani niimbe,*
*na njia itajaa wanaoniitikia.*

Haikuwa tena sauti ya msichana aliyevua viatu. Ilikuwa imezama, imepata uzito chini, na mahadhi yaliposhuka mwishoni yalitua pale hasa yalipotakiwa kutua tangu mwanzo. Msaidizi wa dukani aliacha kuhesabu. Mwanamume mmoja aliyekuja kununua bandeji alibaki ameishika hewani. Mimi nilijifunika uso kwa karatasi ya maelekezo ya dawa ya minyoo, nikajifanya nasoma.

Walitoka baada ya nusu saa. Binti alikuwa amebadilika uso. Alinipa mkono, akaenda zake na gitaa lake. Mke wangu alisimama upande wa pili wa kaunta.

"Nimemruhusu," akasema. "Ataurekodi upya, wote, na jina langu litatangulia. Ubeti wa pili nitauimba mimi."

"Nashukuru."

"Usinishukuru. Hukuniomba wewe."

"Na mimi?"

"Wewe nilikusikia jana. Muda wote nilikuwa nangoja ujipambe. Hukujipamba." Akachukua kitambaa, akafuta kaunta iliyokuwa safi. "Nilifurahi. Nikakasirika kwamba nimefurahi. Bado niko hapo."

"Utarudi nyumbani?"

"Sijui. Nikirudi nitakuwa narudi kwa mume wangu, na sijamwona muda mrefu. Nipe nafasi nimtazame kwanza." Akaninyooshea kidole, na nyuma ya kidole kile, kwa mara ya kwanza wiki ile, palikuwa na kivuli cha tabasamu. "Na ule wimbo usiupige tena kwenye kipindi chako. Hata kwa jina langu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni wangu."

Alirudi baada ya wiki saba. Katika wiki hizo nilikwenda kwa shemeji kila Jumapili mchana, mikono mitupu, tukakaa watatu barazani, na mara nyingi walizungumza wao nami nikasikiliza. Mwenyekiti wa chama sasa ni mwanamama mpiga besi. Mimi hupanga mafaili yake ninapoitwa. Nimeketi maktaba ya kituo na kusahihisha kwa mkono wangu orodha za miaka kumi na mmoja, ukurasa mmoja baada ya mwingine, na barua za wasikilizaji nimempa zote. Ameziweka kwenye boksi la viatu, hajaniambia kama amezisoma. Kipindi changu huanza kwa salamu tu, bila muziki. Jumatano mke wangu hufunga duka saa sita na kwenda mazoezini na bendi, nami siku hiyo hupika. Simuulizi atarudi saa ngapi.